Barua Iliyotikisa Kazi ya Frege

Julai 2025 ilitimia miaka 100 tangu Gottlob Frege afariki dunia huko Bad Kleinen, kaskazini mwa Ujerumani. Nje ya idara za falsafa na hisabati jina lake halivumi, ingawa mantiki ya kisasa imesimama juu ya kitabu chake kidogo cha mwaka 1879.

Frege alifundisha Chuo Kikuu cha Jena kwa miongo minne. Dai lake lilikuwa moja: hesabu yote, kuanzia moja na mbili, huzaliwa na mantiki tupu. Juzuu la kwanza la kuthibitisha hilo lilitoka mwaka 1893. Wasomaji hawakulijali sana.

Juzuu la pili lilikuwa tayari kwa mpiga chapa pale Bertrand Russell, Mwingereza wa miaka 30, alipomwandikia barua Juni 16, 1902. Alianza kwa sifa, kisha akataja tatizo moja tu.

Frege aliruhusu kila sifa iwe na seti yake. Tuseme basi mkutubi anaandaa orodha ya orodha zote zisizojitaja zenyewe. Je, aiingize na hiyo anayoiandika? Akiiingiza, itakuwa inajitaja, kwa hiyo haistahili kuwamo. Akiiacha, haijitaji, kwa hiyo inastahili. Mgongano wa namna hiyo ulikuwa umejificha ndani ya sheria ya tano ya Frege, ile iliyotoa ruhusa hiyo.

Wangapi wangeitupa barua hiyo kapuni! Frege alijibu baada ya siku sita. Alikiri kwamba amepigwa na butwaa, lakini akaona ugunduzi huo huenda ukaisogeza mbele mantiki. Kisha akaongeza kiambatisho kitabuni, akimtaja Russell waziwazi na kueleza jinsi msingi ulivyotikisika. Dawa aliyoipendekeza humo nayo baadaye ilionekana haifai.

Mwaka 1962 Jean van Heijenoort, mwanahistoria wa mantiki, alimwomba Russell ruhusa ya kuchapisha barua hizo. Mzee huyo wa miaka 90 alimjibu kwamba hajui mfano wa uaminifu kwa ukweli unaoweza kulinganishwa na wa Frege. Sifa hiyo imerudiwa mno, na kwa barua ile anaistahili. Hata kijana Wittgenstein, mwanafalsafa wa baadaye, alipomwendea mwaka 1911, Frege hakumng’ang’ania: alimshauri aende kwa Russell, Cambridge.

Tatizo ni shajara ya Frege ya mwaka 1924. Humo anaonyesha chuki dhidi ya Wayahudi na ndoto ya kuwaona wakiondoka Ujerumani. Michael Dummett, mfafanuzi wake mkuu na mpiganaji dhidi ya ubaguzi wa rangi nchini Uingereza, alikiri katika dibaji ya kitabu chake cha 1973 jinsi ilivyomshtua. Waandishi wengine huiruka kimyakimya, na hapo ndipo wanapomkosea Frege wa 1902, ambaye hakuficha ukweli uliomuumiza.

Na uaminifu huo haukumwisha, maana katika miaka hiyohiyo ya mwisho aliandika pia kwamba juhudi zake za kuijenga hesabu juu ya mantiki zimeshindwa. Akiwa amepita miaka 75, alianza upya, safari hii akitafuta chimbuko la namba katika jiometri.