Darubini Isiyo na Kioo: Nyota na Maji ya Nizwa

Nyuma ya barua aliyoandikiwa mwezi wa Novemba 1609, Galileo Galilei aliorodhesha vitu vya kununua. Mna adesi na dengu, makubadhi na kofia ya mwanawe Vincenzio; na katikati ya mahitaji hayo ya nyumbani mna tufe za mizinga, bomba la bati la kinanda, vipande vya kioo cha kujitazamia na vioo vya Ujerumani vilivyosuguliwa. Tufe ni za kuchongea vioo, bomba ni la kuvishikilia. Darubini iliyobadilisha elimu ya falaki ilianza kama orodha ya sokoni, na wanahistoria wa sayansi huipenda orodha hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi chombo cha kutazamia mbingu kinavyoweza kuzaliwa katika vitu vilivyokwisha kuwapo kwa kazi nyingine.

Bara ya Oman nayo ilikuwa na chombo cha namna hiyo, ila hakikuwa na kioo. Kilikuwa na nguzo, ukuta, mgongo wa mlima na mahali palipojulikana pa kukaa. Kazi yake ilikuwa kugawa maji.

Falaji ni mfereji unaoyachukua maji ya chini ya ardhi au ya chemchemi na kuyateremsha kwa mwinamo mdogo tu, bila pampu, hadi mjini na mashambani. Falaji Daris ya Nizwa ni mojawapo ya falaji tano za Oman zilizoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Nchini humo falaji zipatazo 3,000 bado zinatumika. Jina lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kupasua na kugawa. Msomaji wa Kiswahili atashawishika kulihusisha na falaki. Hayana nasaba, kwani moja lina jimu na jingine lina kafu. Lakini katika miji ya mitende ya Ad Dakhiliyah maneno hayo mawili yaliishi nyumba moja.

Maji ya falaji hayapimwi kwa pipa bali kwa muda. Kipimo cha msingi huitwa *athar*, yapata nusu saa, na athar 24 hufanya *badda*, yaani mchana mmoja au usiku mmoja. Mwenye athar mbili huelekezewa maji kwa muda wa karibu saa moja, kisha njia huzibwa na zamu ya jirani huanza, hadi mzunguko wa siku kadhaa utimie. Zamu husimamiwa na arifu, chini ya wakili wa falaji. Dakika kumi zilizopotea si jambo la kupuuzwa hapo: katika nchi ambayo mvua haitegemeki, dakika hizo ni mitende iliyokosa kunywa.

Mchana tatizo lilikuwa jepesi. Nguzo ilisimikwa mahali pa wazi, alama zikawekwa ardhini, na kivuli kikahesabu zamu. Usiku ndipo ustadi ulipohitajika. Mtazamaji alikaa mahali pale pale kila siku na kungoja nyota maalumu ichomoze au itue nyuma ya mlima. Na pale ambapo mlima haukufaa, ukingo wa ukuta au alama iliyojengwa ilishika nafasi yake. Nyota ilipogusa ukingo, maji yalihamishwa. Thuraya, ambayo sisi tunaiita Kilimia, ilikuwamo katika hesabu hiyo, na Dabaran inayoifuata nyuma.

Hesabu kidogo itatuonyesha ubora wa chombo hiki. Mbingu huzunguka digrii 15 kwa saa, basi athar moja ni digrii saba na nusu. Ikiwa ukingo wa ukuta uko mita 20 kutoka machoni na mtazamaji akasogeza kichwa sentimita 10 kando, atakosea kwa dakika moja na kitu. Akitazama mgongo wa mlima ulio kilomita moja, kusogea huko hakuna maana yoyote. Umbali ndio uliofanya kazi ya kioo. Darubini, neno tulilolipata kwa Waajemi, maana yake ni kionambali. Huivuta nyota karibu na kuikuza. Mtazamaji wa falaji hakuhitaji nyota kubwa. Alihitaji kujua lini imetoweka.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwingine. Kila usiku nyota huchomoza mapema kwa takriban dakika nne, hivyo katika wiki moja hutangulia kwa karibu athar nzima. Tena nyota hazikupangwa kwa rula: pengo kati ya moja na inayofuata huwa refu, na jingine fupi. Mtazamaji alipaswa kuwa na orodha nzima kichwani, majira kwa majira, na kujua wapi pengo ligawanywe. Wanaoiita elimu hii ya kukisia hawajajaribu kuihifadhi kwa moyo.

Mabaharia walikuwa na ndugu mdogo wa chombo hiki. Kamali ni kibao na kamba yenye mafundo, basi. Fundo hushikwa kwa meno, ukingo wa chini wa kibao huwekwa juu ya upeo wa bahari, na wa juu hulenga Jah, nyota ya kaskazini. Fundo likakujulisha uko latitudo gani. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyetunga pia utenzi wa Kiarabu juu ya njia ya Sofala, alihesabu kwa vidole, kila kidole kikiwa kama digrii moja na nusu. Kadiri jahazi lilivyoteremka pwani yetu, Jah ilizidi kuzama, na nahodha akageukia Farqadan na Na'sh.

Nasi wa upande wa pili wa bahari tulikuwa na hesabu zetu. Kilimia kina kulima ndani ya jina lake. Kinapopotea magharibi baada ya jua kuchwa, mwishoni mwa Aprili, masika yamekwisha kuingia. Saa yetu bado huanza kuhesabiwa asubuhi kwa jua. Ila uhusiano huo wa ng'ambo mbili hauna uzuri mtupu. Historia ya mitende ya Oman katika karne ya 19 haiandikiki bila Waafrika waliochukuliwa pwani yetu na kufanyishwa kazi mashambani humo, na utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1970 tu. Mwenye athar na mwenye kushika jembe usiku hawakuwa mtu mmoja kila mara.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 saa za mkono zilienea, na sehemu nyingi nyota zikaachwa. Kisha zikaja taa za umeme, zikafifisha hata ukingo wa mlima. Mwingereza Harriet Nash, aliyechapisha utafiti wake kuhusu desturi hii mwaka 2011, alikuta imebaki katika jamii chache. Sioni sababu ya kuilaumu saa: imesawazisha mapengo, na mzee amelala. Hata hivyo imehamisha ushahidi. Nyota iliyogusa ukingo ilionwa na mwenye zamu inayokwisha na mwenye zamu inayoanza, wakiwa wamesimama pamoja. Saa ina mkono wa mtu mmoja, na wa pili anayo yake, na zikitofautiana hapana mlima wa kuamua.

Kipimo kimebaki. Hisa za maji hurithiwa, hukodishwa na kupigwa mnada kwa athar, ingawa sasa maana yake ni dakika 30 za saa. Neno ni lile lile letu la athari: kwa Kiarabu, alama iliyoachwa na kitu kilichopita.