Mnyama wa Nyumbani katika Miteremko ya Kilimanjaro

Lugha yetu haikuwa na neno la kumtaja mnyama ambaye kazi yake ni kupendwa tu. Siku hizi husemwa "mnyama kipenzi", nalo ni neno jema, ila bado ni geni kidogo masikioni mwa wazee. Neno letu kongwe ni kufuga. Nasi hufuga ng'ombe, hufuga kuku, hufuga hata ndevu. Kufuga ni kukiweka kitu karibu nawe, kukitunza, na kuikubali kazi yake. Kwa hiyo swali la mnyama gani astahili kuingia nyumbani, ambalo watu wa mijini hudhani limezaliwa jana, huko Uchagani ni la kale sana, na majibu yake yameandikwa katika umbo la nyumba zenyewe.

Nyumba ya Mchaga wa zamani ilikuwa msonge mkubwa ulioezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba. Chini ya paa hilo moja walilala watu na ng'ombe. Wageni kutoka Ulaya waliolishuhudia jambo hilo walilisimulia kwa mshangao, pengine kwa dharau. Nasi twasema hawakuelewa walichokiona. Mlimani baridi ya usiku ni kali, na joto la mnyama ni moto usiohitaji kuni. Isitoshe, kihamba hakina malisho: kila hatua ya ardhi ina mgomba, na ng'ombe akiachiwa huru ataharibu kwa asubuhi moja kazi ya miaka. Basi alifungwa ndani, akaletewa chakula, na samadi yake ikarudishwa shinani mwa migomba. Mgomba nao ukamlisha kwa majani na vigogo vyake. Mzunguko huu, pamoja na maji ya mifongo iliyochimbwa kwa ustadi kutoka mitoni, ndio uliowezesha ardhi ile ile kulimwa kizazi baada ya kizazi pasipo kuchoka.

Sababu ya tatu ilikuwa vita. Katika karne ya 19 watawala wa mlima walishindana vikali, na ng'ombe walikuwa nyara ya kwanza. Wasomaji wa historia wanayajua majina ya Rindi wa Moshi, aliyefariki mwaka 1891, na Sina wa Kibosho, ambaye mwaka huo huo Wajerumani walimwendea kwa silaha. Zama hizo watu walichimba mapango marefu ardhini, wakajificha humo pamoja na mifugo yao. Mengine bado yaonekana upande wa Marangu. Mwenye ng'ombe wengi, zaidi ya hayo, hakuwaweka wote kwake. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki wa vijiji vingine. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, na siku ya kuchinja hakusahauliwa. Mwenye mali alibaki na ng'ombe na uzao wake. Kwa njia hiyo adui hakuweza kumfilisi mtu kwa usiku mmoja, wala mtawala mwenye tamaa hakuweza kuhesabu kwa urahisi utajiri wa raia wake. Maskini naye akapata mnyama bandani.

Lakini tusiimbe sifa tupu. Ng'ombe asiyetoka nje ni lazima mtu atoke kwa niaba yake, na mtu huyo kwa kawaida alikuwa mwanamke. Akina mama na mabinti waliteremka hadi nyanda za chini, wakakata nyasi, wakapanda tena mlima na mzigo kichwani. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 hutaka kilo 40 hivi za majani mabichi kwa siku, na zaidi ya hapo kama anakamuliwa. Hiyo ni mizigo miwili, na kesho yake mizigo miwili tena. Mume akisema "tuongeze ng'ombe", alikuwa akisema pia shingo ya nani itaongezewa kazi, ingawa yeye huenda hakulisikia hilo katika maneno yake mwenyewe. Kwa maoni yetu, hapa ndipo uchaguzi wa mnyama ulipokuwa na uzito wa kweli.

Mwishoni mwa karne ya 19 mapadre wa Kilema walileta kahawa. Wachaga waliipanda kivulini mwa migomba, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Kahawa ilizidisha thamani ya samadi. Wakati huo huo vihamba viligawanywa kwa wana, na wana wakawagawia wana wao, hata vingine vikawa vipande vidogo. Ng'ombe wa asili, mwenye kutoa lita moja au mbili kwa siku, akaanza kumpisha chotara wa Friesian, Ayrshire au Jersey, ambaye akitunzwa vema hutoa lita 8, 10 au zaidi. Watu huona ndoo, wakasahau hori. Ng'ombe huyo mkubwa hula zaidi, hunywa zaidi, na ndigana inayoletwa na kupe humwangusha upesi kuliko yule mdogo wa kienyeji. Kupe nao huweza kupandishwa mlimani ndani ya mzigo wa nyasi. Nyumba isiyo na mabingobingo yake yenyewe, wala mikono ya kutosha, ingefanya busara kumchagua mbuzi. Huyu hula karibu sehemu moja ya kumi ya chakula cha ng'ombe, na heshima yake Uchagani haina shaka: mbuzi na jani la sale vimepatanisha majirani wengi waliogombana, na arusi bila ndafu huacha minong'ono. Mbuzi wa maziwa kutoka Norwe walioletwa Mgeta, mkoani Morogoro, katika miaka ya 1980 walionyesha kwamba hata mlimani chombo cha maziwa si lazima kijazwe na ng'ombe.

Mbwa ana habari nyingine. Alilinda boma, naye hakuombwa zaidi ya kubweka, akalipwa makombo. Leo mjini Moshi wapo wanaomfuga kwa ajili ya ukuta wao, wakamfungia kutwa katika kibanda kisichomtosha kugeuka, usiku wakamfungulia akiwa amejaa hasira. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza mateso kwa mnyama yeyote, hata aliye nyuma ya geti. Jambo kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza kwa binadamu ilitolewa na Louis Pasteur huko Paris mwaka 1885, na hata hivyo ugonjwa huu bado huua maelfu ya watu kila mwaka Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi. Dalili zikishatokea, dawa haipo. Mbwa wakichanjwa 70 katika kila 100, maambukizo hukatika. Mwanafunzi akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili na majani ya kubandika havimsaidii.

Paka hakuhitaji kuchaguliwa. Mara nyingi yeye ndiye aliyechagua nyumba, akifuata panya waliofuata mahindi. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Majengo au Pasua, asiye na kihamba wala hori, huyu ndiye mnyama afaaye kuliko wote, ila tu sumu ya panya isitumike humo. Panya aliyekula sumu hukimbia polepole, na paka humkamata yeye kwanza.