Duka Lililofungwa Mwaka 1976

Ofisa udahili aliniuliza swali jepesi. Alikuwa ameshasoma jina langu kwenye beji, na nilikuwa nimeshamwambia kwamba niko idara ya hesabu katika kampuni ya usafirishaji hapa Dar es Salaam. Akauliza, "Katika familia yenu kuna mtu aliyewahi kufanya biashara?"

Nikajibu, "Hapana."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akanipa kipeperushi na kalamu yenye jina la shule, akamgeukia kijana aliyekuwa nyuma yangu. Nilihamia meza ya pili nikiwa najua kwamba nimedanganya. Nilichokuwa sijui ni kwa nini.

Ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa hoteli moja mjini. Shule za biashara za Marekani, Ulaya na Afrika zilikuwa zimepanga meza kuzunguka kuta, kila moja na bango lake, na sisi tuliotaka kusoma MBA tulipita meza hadi meza kama watu wanaochagua kitambaa Kariakoo. Wengi tulikuwa na umri wa kati ya miaka 25 na 35. Tulikuwa tumevaa suti ambazo kwa kawaida huvaliwa kwenye harusi na usaili. Kila mmoja alijaribu kusikiliza kijana wa mbele anauliza nini, ili lake lisionekane la kishamba.

Nimezoea kusoma vitabu vya hesabu kuanzia ukurasa wa nyuma, pale penye jumla, kisha ndiyo nirudi mwanzo kutafuta jumla hiyo imetoka wapi. Hata mabango niliyasoma hivyo. Kila bango lilikuwa na mwaka mdogo chini ya nembo, na ukiipanga miaka ile unapata hadithi ambayo vipeperushi havikuisimulia.

Wharton ilianzishwa Philadelphia mwaka 1881, kwa fedha za Joseph Wharton, mtu aliyetajirika kwa madini na chuma. Mwaka 1900 chuo cha Dartmouth kilifungua shule ya Tuck, na mwaka 1908 Harvard ikafungua yake na kuanza kutoa shahada iliyoitwa MBA. Haikuwa bahati kwamba zilifuatana hivyo. Marekani ilikuwa imejaa reli na viwanda vikubwa, na mwenye mali hakuweza tena kusimama mlangoni akawahesabu wafanyakazi wake kwa macho. Alihitaji watu wa kati, wasio wamiliki wala vibarua, wanaojua kupanga, kuhesabu na kuamuru. Kabla ya hapo mtu alijifunza biashara kwa kukaa dukani kwa baba au kwa tajiri wake. Shule hizi zilisema jambo jipya: kwamba biashara inaweza kufundishwa darasani, kwa watu wasiohusiana kwa damu.

INSEAD ilianzishwa Ufaransa mwaka 1957, mwaka uleule nchi sita za Ulaya ziliposaini Mkataba wa Roma. Mmoja wa waasisi wake, Georges Doriot, alikuwa Mfaransa aliyefundisha Harvard. Shule ya biashara ya London ni ya mwaka 1964, baada ya Waingereza kukiri kwamba wamechelewa. Mwaka 1961 India nayo ilikuwa imeanzisha taasisi zake za uongozi wa biashara Calcutta na Ahmedabad, na ile ya Ahmedabad ilisaidiwa na Harvard. Kila nchi ilipofika mahali pa kuhitaji mameneja, ilijenga shule. Miaka ile chini ya nembo ilikuwa orodha ya wasiwasi wa mataifa.

Wasiwasi wetu pia una mwaka wake. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani, katika mpango uliosukumwa na Tom Mboya. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Mwaka uliofuata, mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na wanafunzi kutoka nchi jirani, Tanganyika ikiwamo, wakaingizwa. Uhuru ulikuwa unakuja, ofisi zilikuwa karibu kubaki wazi, na watu wa kuzikalia walikuwa wachache mno. Foleni niliyosimama mimi ni mjukuu wa foleni ile, ingawa wale walichangiwa nauli, na sisi tulikuwa tunaulizia masharti ya mikopo.

Tanganyika yenyewe ilianza Chuo Kikuu mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Januari 1965 Mwalimu Nyerere alifungua Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, hapa Dar es Salaam. Mimi ni mhitimu wake. Katika miaka yangu mitatu pale sikuwahi kujiuliza inakuwaje nchi iliyofungua shule ya biashara mwaka 1965 ikafunga duka la bibi yangu miaka kumi na moja baadaye.

Hilo ndilo nililomficha yule ofisa. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na duka.

Saa tano tuliingia chumba cha pembeni kusikiliza maelezo kuhusu mtihani wa GMAT. Mtoa mada alieleza kwamba uliandaliwa baada ya shule tisa za Marekani kukutana mwaka 1953 kutafuta kipimo kimoja cha waombaji, na ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1954. Ulikuwa na jina refu lisilokumbukika. Jina la GMAT, akasema, lilikuja mwaka 1976.

Wengine waliandika kwenye madaftari. Mimi kalamu ilisimama, maana 1976 nyumbani kwetu ni mwaka unaotajwa kwa sauti ya chini.

Bibi aliishi kwenye kijiji kimoja wilayani Kilosa, karibu na mashamba ya mkonge alikofanya kazi babu. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Halikuwa na jina. Aliuza chumvi, viberiti, sabuni ya mche, mafuta ya taa kwa kibaba, majani ya chai, na sukari ilipopatikana. Mwanzoni alinunua mzigo kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Kilosa mjini. Baadaye ikabidi apange foleni kwenye maghala ya Kampuni ya Biashara ya Mkoa, RTC, kwa sababu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla ilikuwa imeingia mikononi mwa serikali.

Mwaka 1976, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika ya kijiji. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame na njaa ya 1974 na 1975, watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, na wenye maduka walilaumiwa kwamba wanaficha bidhaa na kupandisha bei. Lakini mwaka huohuo serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kwa hiyo ushirika ulipewa maduka kwa mkono mmoja na kunyang'anywa mizizi kwa mkono mwingine. Maduka mapya mengi yalikosa mzigo, yakakosa mtaji, yakakosa mtu anayejua kuhesabu. Kasi ya kuyafunga yale ya zamani ikabidi ipunguzwe. Kwa bibi, kasi ilipunguzwa akiwa ameshafunga.

Baba alikuwa darasa la tatu. Ananiambia kwamba shuleni waliimbishwa nyimbo za kuwalaani walanguzi, na watoto wenzake walimgeukia yeye kila walipofika kwenye neno lile. Alikua, akawa mwalimu, akatulea sisi kwa kanuni moja: soma, ajiriwa, usiuze kitu. Hata maandazi mama alikatazwa kuuza. Nilipojibu "hapana" mbele ya yule ofisa, nadhani alijibu baba, akiwa bado darasa la tatu.

Jioni, maonyesho yakikaribia kufungwa, nilizungumza na dada mmoja aliyehitimu katika moja ya shule zile. Nilimuuliza kuhusu insha ya maombi. Akasema alama za mtihani zitakufikisha mlangoni tu. "Wanataka kisa," aliniambia. "Kisa ambacho hakuna mwingine ukumbini mwenye nacho."

Neno hilo lina uzito katika shule hizi. Miaka ya 1920, Harvard ikiwa chini ya mkuu wake Wallace Donham, mtu aliyesomea sheria, ilichukua njia ya wanasheria ya kufundisha kwa kesi na kuifanya ya biashara. Mwanafunzi hapewi kanuni. Anapewa kisa cha kampuni halisi, mahali ilipokwama, kisha anaulizwa: wewe ungefanya nini? Nilipokuwa kwenye daladala kurudi Mbagala, nilikuwa nimeshaandika kisa changu kichwani. Mjane maskini, duka dogo, serikali katili, mjukuu anayekwenda ng'ambo kulifungua tena. Kilikuwa kizuri. Kingeweza kunipatia ufadhili, na bila ufadhili hakuna safari, maana miaka miwili katika shule kubwa za Marekani inazidi dola 100,000. Baba alikuwa ameshasema kwamba yuko tayari kuuza kiwanja. Kiwanja chenyewe ndipo ilipo nyumba ya bibi.

Wiki mbili baadaye nilipanda basi kwenda Kilosa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunidai mume?"

Tulicheka. Usiku nilimweleza kila kitu, pamoja na ule uongo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nivute sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Ndani, chini ya khanga, kulikuwa na daftari la mistari lenye jalada lililolainika kama kitambaa. Lilikuwa la madeni. Sabuni nusu mche. Mafuta kibaba kimoja. Chumvi. Kila mstari na jina, na mistari mingi haikukatwa.

"Hawakulipa?"

"Walilipaje? Duka limefungwa, deni la nani?"

Nikaona kisa changu kinazidi kunenepa. Basi nikamuuliza, kwa kujiamini, kwamba wale waliomwita mlanguzi walimsingizia, sivyo?

Bibi alinitazama. "Sukari niliificha," akasema. "Gunia moja na nusu, chini ya kitanda hikihiki. Mwaka wa njaa."

Alieleza bila kujitetea. Alijua kwamba akiiweka sukari mbele itaisha kwa siku mbili, na mzigo mwingine haujulikani utakuja lini. Aliuza kidogokidogo, usiku, kwa bei iliyopanda. Wenye wagonjwa na wenye watoto wachanga aliwapa kwa daftari. Wengine walilipa taslimu, na walilipa sana. Mmoja wa waliomshitaki kwenye mkutano wa kijiji alikuwa na mtoto mgonjwa ambaye bibi hakumwamini kwamba anaumwa.

"Aliumwa kweli?"

"Aliumwa."

Sikuuliza zaidi, naye hakuongeza. Nje vyura walikuwa wanapiga kelele mtoni. Mjane maskini na serikali katili walikuwa wameondoka chumbani, akabaki mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye gunia moja na nusu na kijiji kizima, asiyejua lori litarudi lini. Wewe ungefanya nini? Nimesoma hesabu miaka mitatu, nimefanya kazi ya hesabu miaka sita, na swali lile sikuweza kulijibu.

Asubuhi, nikiwa nafunga begi, bibi aliniuliza hiyo shule inafundisha nini hasa. Nikamwambia masoko, fedha, uongozi wa watu.

"Inafundisha kukopesha?"

"Inafundisha namna ya kujua nani atalipa."

"Hilo nilikuwa nalijua," akasema. "Nauliza yule usiyejua."

Nimemwandikia yule ofisa kumwambia kwamba jibu langu halikuwa sahihi. Baba nimemwomba asiuze kiwanja. Nitaomba shule mbili tu, zenye ufadhili, na nikikosa nitajaribu tena mwakani. Insha bado haijaisha. Nimeweka gunia ndani yake, na kila rafiki anayeisoma ananishauri nilitoe, kwamba litaniharibia. Bibi peke yake ndiye aliyeniambia niliache. Aliweka sharti moja: nisiandike majina yaliyo kwenye daftari, kwa sababu watoto wa wale watu bado wako pale kijijini, na wengine ndio humchotea maji.