Ukumbi Ndani ya Sebule

Mwaka 1881, kabla dunia haijajua redio wala sinema, wageni wa maonyesho ya umeme mjini Paris walipanga foleni wasikilize opera iliyokuwa ikiimbwa wakati uleule katika jengo jingine, kilomita mbili hivi kutoka hapo. Fundi Clément Ader alikuwa amepanga vipaza sauti vya simu ukingoni mwa jukwaa, kushoto na kulia, akavuta nyaya hadi kwenye maonyesho. Kila msikilizaji alipewa vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio. Mwimbaji akihama upande wa jukwaa, msikilizaji alimsikia akihama. Nimefanya kazi ya ufundi sauti Unguja tangu ujana wangu, na kila kijana anaponiuliza kwa nini televisheni yake mpya ya HD haimpi raha ya tamasha, huanza na Ader. Sauti yenye pande iliingia masikioni mwa watu zamani sana kuliko picha, kisha ikapotea, na kuirudisha kumechukua miongo mingi.

Kutokana na jaribio lile, mwaka 1890 iliundwa kampuni mjini Paris iliyouza muziki kwa njia ya simu. Hotelini na mikahawani mtu alitia sarafu kwenye mashine, akasikiliza kwa dakika chache. Mwenye uwezo alivutiwa waya hadi nyumbani. Mwandishi Marcel Proust, aliyekuwa mgonjwa wa pumu na mzito wa kutoka, alijiunga mwaka 1911, akawa anasikiliza opera chumbani kwake. Huduma ile ilifungwa mwaka 1932, redio ilipokwisha kuenea. Redio ilikuwa rahisi na ilifika kwa maelfu ya watu kwa mpigo, lakini ilikuwa na njia moja tu ya sauti. Fidla, ngoma, mwimbaji na wasikilizaji wake wote walitokea tundu moja.

Hata hivyo, redio ilibeba kitu kimoja ambacho kwangu ndicho kiini cha habari hii yote. Nyumbani kwetu Ng'ambo, hapa Unguja, tulikuwa na redio ya valvu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alhamisi ya kwanza ya mwezi baba alirudi mapema, maana usiku ule mwimbaji Umm Kulthum aliimba Cairo na redio ya Misri ilimrusha moja kwa moja. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1930 ikaendelea hadi alipoacha kupanda jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima. Mawimbi yalikuja yakienda, na Kiarabu chake wengi wetu hakikutuingia chote. Tuliwafuata watu waliokuwa ukumbini. Alipomaliza mstari walipiga ukelele, wakamwomba aurudie. Akaurudia kwa mapambo mengine, wakapiga ukelele mkubwa zaidi. Baba naye aliitikia "Allah!" pamoja nao, akiwa amekaa mkekani Unguja.

Taarab yetu ina udugu na muziki ule. Wazee wanasimulia kwamba Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ala ya kanuni, na mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, kinachopiga hadi leo. Na taarab, kama muziki wa Cairo, haikamiliki bila wasikilizaji. Mtu akiguswa na ubeti huinuka, akacheza taratibu hadi mbele na noti mkononi, akamtunza mwimbaji. Walioketi wanajua ubeti ule umemwendea nani. Wanaguna, wanacheka, wanapiga vigelegele, na mwimbaji akiyasikia hayo huukaza ubeti. Ukiwaondoa watu hao umebakiwa na nusu ya wimbo.

Redio ya Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951, mafundi wake walikuwa na njia ileile moja ya sauti. Mzee aliyenifundisha kazi, miaka mingi baadaye, alinirithisha kanuni aliyoipata kwa wakubwa zake: ukiwa na vipaza sauti vitatu, viwili wape wanamuziki, cha tatu kigeuzie watu. Wakubwa wengi hawakuipenda kanuni hiyo. Waliona makofi na miguno ni uchafu unaoharibu rekodi. Yeye hakubadilika, na kanda zake ndizo ambazo hadi leo ukizipiga unajua ukumbi ulikuwa mkubwa kiasi gani na kina mama walikaa upande upi.

Kabla ya hapo, wahandisi wa Marekani na Ulaya walikuwa wamekwisha kuanza kuzitafuta pande zilizopotea. Tarehe 27 Aprili 1933 okestra ya Philadelphia ilipiga muziki mjini kwake, na sauti ikasafirishwa kwa njia tatu za simu hadi ukumbi mmoja mjini Washington, kilomita 200 hivi. Kazi hiyo iliongozwa na Harvey Fletcher wa maabara za Bell. Kondakta maarufu Leopold Stokowski hakusimama mbele ya wanamuziki wake usiku ule. Alikuwa Washington, mikono yake kwenye vitufe vya kurekebisha sauti, mbele ya jukwaa lisilokuwa na mtu, lenye spika tatu tu. Okestra ilisikika imetandazwa kushoto, katikati na kulia. Lakini zana hizo hazikuwa za sebuleni.

Televisheni ilipoingia, macho yalishiba mapema na masikio yakaendelea kungoja. Tarehe 20 Machi 1948 Arturo Toscanini aliongoza muziki wa Wagner katika televisheni ya NBC, mubashara, na waliokuwa na seti wakaiona mikono ya kondakta karibu kuliko mteja wa safu ya kwanza. Sauti ilitoka kwenye spika moja ndogo. Mafundi wakatafuta njia za kupenyeza. Mwaka 1958 BBC ilijaribu sauti ya pande mbili kwa kutumia mitambo miwili: upande wa kushoto ulitoka redioni na wa kulia kwenye sauti ya televisheni, na mwenye nyumba akazipanga seti zake mbili sebuleni akakaa katikati. Tarehe 30 Januari 1976, kituo cha Lincoln Center cha New York kilipoanza kurusha matamasha yake, picha ilipita kwenye televisheni na sauti ya stirio ikapita kwenye redio ya FM. Watu walizima sauti ya televisheni wakafungua redio.

Kwetu Unguja televisheni ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilikuja na rangi, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Jirani mwenye seti alijaza mtaa mzima sebuleni. Tuliona kanga za waimbaji na noti zikipepea, tukafurahi mno. Mimi nilikuwa nimekwisha kuonja kazi ya sauti, na niliona tulivyopunjwa. Besi haikusikika, na watu waliotunza walionekana wakifungua vinywa bila kelele zao kutufikia.

Siku hizi picha ya HD ina nukta milioni mbili hivi, mara tano ya picha ya zamani, na unaona kidole cha mpiga kanuni kikigusa uzi. Sauti ya pande zote inayokwenda nayo ina njia tano kamili: tatu mbele, mbili nyuma, na ya sita ya mngurumo wa besi peke yake. Njia zile mbili za nyuma katika tamasha hubeba makofi, minong'ono na mwangwi wa kuta. Mwishoni mwa 2008 okestra ya Berlin ilifungua huduma yake ya kurusha matamasha kwa HD kupitia intaneti, na kwa muda mrefu sauti yake ilikuwa ya pande mbili tu. Hata kwa wenye ukumbi maarufu kama ule, macho yalihudumiwa kwanza.

Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi vikaingia majumbani, na baadaye sabufa zenye spika tano ndogo zikajaa madukani. Nimeitwa nyumba nyingi kuzifunga. Namkuta baba mwenye nyumba amepanga spika zote tano chini ya televisheni, mstari mmoja. Namhamishia mbili nyuma kidogo ya kochi, juu ya usawa wa masikio, kisha nawasha. Mara nyingi kinachokuja nyuma ni mwimbaji yuleyule wa mbele, kwa sababu aliyerusha tamasha alituma njia mbili tu, na sabufa imezinakili. Spika zipo na nyaya zipo, lakini watu wa ukumbini hawakutumwa.

Hapo ndipo naziona lawama zetu sisi wa ufundi. Tamasha la Sauti za Busara hufanyika Ngome Kongwe hapa Unguja, ndani ya kuta za mawe zinazorudisha sauti kwa namna ambayo hakuna mashine inayoweza kuiiga vizuri. Kwa tamasha la aina hiyo, kijana anayerusha mubashara ana kamera nzuri kuliko zote nilizopata kushika. Namwomba aongeze vipaza sauti viwili vinavyotazama watu, awape njia zao wenyewe, asiwachanganye na gitaa. Gharama yake ni ndogo kuliko lenzi moja. Mtazamaji aliyeko Pemba, Muscat au London anaweza kuupata wimbo wenyewe kwenye simu yake saa yoyote. Anapolipia matangazo ya moja kwa moja, anataka kuwa miongoni mwa watu usiku uleule, na ni wajibu wetu kumpelekea watu hao.