Winga wa Kariakoo aliyehamia kwenye simu

Wadau, kijana wa mjini mwenye laki tatu mkononi akiuliza afanye biashara gani, siku hizi anapewa jibu moja: uza mtandaoni, huna kodi ya fremu. Na kweli fremu imezika ndoto nyingi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kabla hujauza hata soksi. Lakini tukiishia kwenye fremu tunakosa nusu ya habari. Ukisoma historia ya biashara hizi unaona kilichokuwa kigumu tangu mwanzo ni kumfanya mtu asiyekujua akutumie pesa yake.

Angalia Marekani. Septemba 1995 mtaalamu wa kompyuta Pierre Omidyar, akiwa na miaka 28, alifungua mnada wa mtandaoni alioupa jina AuctionWeb. Miongoni mwa vitu vya kwanza kuuzwa ni kifaa cha kumulikia mwanga wa leza, kibovu, kwa dola 14.83. Kibovu, jamani! Inasimuliwa kwamba alimwandikia mnunuzi kuhakikisha kama ameelewa hakifanyi kazi, akajibiwa kwamba yeye hukusanya vibovu. Basi wateja wakapatikana. Shida ikawa nyingine: muuzaji yuko jimbo hili, mnunuzi lile, hundi inapita posta, nani aanze kutuma chake? Februari 1996 Omidyar akaweka mahali pa watu kusifiana na kulaumiana hadharani, tapeli akawa anaonekana na wote. Mwaka 1997 soko likaitwa eBay, na 2002 likainunua PayPal kwa dola bilioni 1.5 ili watu walipane haraka.

Na sisi miaka hiyo? Intaneti ilikuwa ya satelaiti, ghali, unalipia kwa saa kwenye intaneti kafe. Kadi za benki walikuwa nazo wachache. Ila kitu kimoja tulikuwa nacho tangu zamani: dalali. Kariakoo tunamwita winga. Hana duka, hana mzigo. Anajua nani ana viatu gani, ghorofa ya ngapi, anakupeleka, anaweka cha juu, maisha yanasonga.

Kilichomtoa winga barabarani kilianzia Kenya, tena bila kukusudiwa. Mwaka 2005 Vodafone, wakisaidiwa fedha na serikali ya Uingereza, walianza kujaribu na Safaricom mfumo wa watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watu wakaugeuza. Wakawa wanatumiana pesa wao kwa wao, wengine wakilipana za biashara. Wenye mfumo nao wakasoma alama za nyakati: Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya kama huduma ya kutumiana pesa, na 2008 Vodacom wakaileta Tanzania. Ile meseji ya uthibitisho, yenye kiasi na jina la aliyepokea, kwa maoni yangu imeuza bidhaa nyingi kuliko tovuti zote zilizotengenezwa Dar. Jina limesajiliwa kwenye laini, na kumbukumbu inabaki kwenye simu yako. Utapeli haukuisha (nani hajasikia kisa cha simu iliyogeuka kipande cha sabuni?), lakini kulikuwa na pa kuanzia.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi, Oktoba 2010 Instagram ikazinduliwa, simu zenye kamera nzuri zikashuka bei. Winga akapata fremu ya bure: picha ya kiatu cha duka la mtu mwingine, namba ya simu, na yale maneno maarufu, bei njoo inboksi. (Kwa nini bei inafichwa, mimi sijaelewa mpaka leo.) Mteja wa Mwanza analipa kwa simu, mzigo unapanda basi, naye anatumiwa picha ya risiti na namba ya kondakta.

Wakubwa nao walikuja. Jumia ilizaliwa Nigeria mwaka 2012, ikaenea nchi kadhaa, na Aprili 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa New York. Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Najua sababu za kampuni kuondoka huwa nyingi, lakini piga hesabu ndogo: ghala na mishahara vinakula hata siku isiyo na mauzo. Winga asipouza leo amepoteza bando.

Hapo ndipo utamu wa biashara hii ulipo, na hatari yake pia. Fremu ya bure ina mwenyewe, na humjui. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, muuzaji wa vitenge na mpiga soga wakalipa sawa, hadi kodi ile ilipoondolewa 2021. Na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita. Jioni ile wateja walikuwepo, mzigo ulikuwepo, hata pesa za kwenye simu zilikuwa zinatumika. Aliyekuwa ameandika namba za wateja wake kwenye daftari alipiga simu za kawaida akaendelea kuuza.