Mzazi Mwenye Kura: Historia Fupi ya Mabaraza ya Shule ya Chicago

Mzazi anapoitwa shuleni, mara nyingi moyo humdunda: ama kuna mchango, ama mtoto amekosa. Mjini Chicago, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kuna wito wa tatu. Tangu Oktoba 1989, mzazi huitwa pia kushiriki katika uamuzi wa nani awe mwalimu mkuu wa shule ya mwanawe. Chombo kinachompa nafasi hiyo ni Baraza la Shule la Mtaa. Lilizaliwa na uchungu wa wazazi, limepita katika misukosuko mingi, na mpaka leo lipo.

Uchungu huo ulianza zamani. Miaka ya 1960 shule za mitaa ya Weusi zilifurika wanafunzi, ilhali kulikuwa na madarasa yenye nafasi katika mitaa ya Weupe. Mkurugenzi wa shule za mji, Benjamin Willis, hakuwahamishia watoto huko. Aliweka matrela katika viwanja vya shule zilizojaa, yakawa ndiyo madarasa. Oktoba 22, 1963, kwa kupinga hali hiyo, wanafunzi zaidi ya 200,000 hawakukanyaga shuleni. Siku hiyo mji uliona kwamba wazazi walikuwa na nguvu ya kutosha kuzitikisa shule zake. Walichokosa ni mahali pa kukaa wakaamua pamoja na wenye shule.

Mahali hapo palipatikana baada ya miaka 25. Septemba 1987 walimu waligoma, na mgomo ukala siku 19 za masomo. Watoto zaidi ya 400,000 walikaa nyumbani. Mgomo ulipokwisha, Meya Harold Washington, Mweusi wa kwanza kuuongoza mji huo, aliwakutanisha wazazi, walimu, wafanyabiashara na viongozi wa mitaa watafute dawa. Novemba 25 mwaka huohuo, Washington alifariki ghafla. Wazazi hawakutawanyika. Walipanda mabasi hadi Springfield, makao makuu ya jimbo, wakawabana wabunge. Desemba 1988 Gavana James Thompson alitia saini sheria ya mageuzi.

Sheria hiyo iliipa kila shule baraza la watu 11: wazazi 6, wakazi wa mtaa 2, walimu 2 na mwalimu mkuu mwenyewe. Shule za sekondari ziliongezewa mwanafunzi mmoja. Wazazi walifanywa wengi kwa makusudi. Kazi za baraza zilikuwa nzito: kumwajiri mwalimu mkuu kwa mkataba wa miaka 4 na kupima kazi yake, kupitisha mpango wa maendeleo ya shule, na kupitisha bajeti yake. Hakuna aliyeulizwa uraia. Mama aliyehamia kutoka Mexico, asiyeruhusiwa kumpigia kura meya, aliweza kupiga kura shuleni kwa mwanawe na hata kugombea. Katika uchaguzi wa kwanza walijitokeza wagombea zaidi ya 17,000 kuwania viti zaidi ya 5,000.

Je, watoto walisoma vizuri zaidi? Mtafiti Anthony Bryk na wenzake walizifuatilia shule za msingi za Chicago katika miaka ya 1990, na mwaka 2010 wakachapisha kitabu. Waliweka upande mmoja shule 100 zilizopiga hatua, na upande wa pili shule 100 zilizodumaa. Wakaona mihimili mitano: uongozi, uhusiano na wazazi na mtaa, uwezo wa walimu, mazingira yanayomjali mwanafunzi, na ufundishaji wenye mpangilio. Shule iliyokuwa imara katika mihimili mingi ilikuwa na nafasi ya kusonga mbele mara 10 zaidi ya iliyokuwa dhaifu. Mihimili hiyo, walisema, husimama palipo na kuaminiana. Hawakuficha kwamba katika mitaa yenye umaskini mkubwa na uhalifu mwingi kazi ilikuwa ngumu mno, na shule nyingi za huko zilibaki nyuma.

Njia haikuwa tambarare. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Illinois ilibatilisha utaratibu wa uchaguzi, na bunge likalazimika kuurekebisha. Mwaka 1995 sheria mpya ilimpa Meya Richard M. Daley mamlaka ya kuteua bodi ya elimu ya mji. Mabaraza yakabaki, lakini baraza la shule iliyofanya vibaya liliweza kupokonywa sehemu ya madaraka yake. Mei 2013 bodi hiyo ya kuteuliwa iliamua kufunga shule zipatazo 50, nyingi zikiwa za mitaa ya Weusi. Wazazi walikuwa wamekwenda mikutanoni na kulia mbele ya vipaza sauti, na bado uamuzi ukapita.

Ndipo likaja suala la Shule ya Sekondari Dyett, iliyoitwa kwa heshima ya Walter Dyett, mwalimu wa muziki aliyemfundisha mwimbaji Nat King Cole. Nayo ilikuwa imefungwa. Agosti 2015, watu 12, wakiwemo wazazi na mabibi, walianza mgomo wa kula, wakauendesha kwa siku 34. Mwaka 2016 Dyett ilifungua milango tena. Mmoja wa wagomaji hao alikuwa Jitu Brown. Novemba 2024, wakazi wa Chicago walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua sehemu ya bodi ya elimu, yeye alichaguliwa. Sheria inataka bodi nzima ya watu 21 iwe ya kuchaguliwa kuanzia Januari 2027.

Kura peke yake haimfundishi mtoto kusoma. Kazi hiyo ni ya mwalimu, na ya mtoto mwenyewe. Lakini mwalimu mkuu anayejua kwamba mkataba wake uko mikononi mwa wazazi huwasikiliza, na mzazi anayesikilizwa hurudi tena. Mara nyingi uchaguzi wa mabaraza umepangwa siku wazazi wanapokuja kuchukua ripoti za watoto. Mzazi huketi na mwalimu, akaangalia alama za mwanawe, akauliza alipokwama. Kisha hupita kwenye chumba cha pili, akapiga kura yake.