Hisabati ya vijana wa Kenya na Tanzania

Ulinganisho wa umahiri wa hisabati kati ya vijana wa Kenya na wa Tanzania ni suala lenye ubishi mwingi na vipimo vichache. Hadi duru ya 2022 hakuna kati ya nchi hizi mbili iliyokuwa imeshiriki PISA, upimaji wa kimataifa wa vijana wa miaka 15. Mizani ya shuleni iliyowahi kuwapima kwa pamoja ni SACMEQ, muungano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika, uliowatahini wanafunzi wa darasa la sita, wengi wao wakiwa na miaka 13 au 14.

Mwaka 2000 Kenya ilipata alama 563 na Tanzania Bara 522, wakati wastani wa kanda ulikuwa 500. Mwaka 2007 Kenya ilishuka kidogo hadi 557, Tanzania Bara ikapanda hadi 553. Pengo la alama 41 likabaki 4, na mbele yao ilikuwa Mauritius peke yake. Zanzibar, iliyopimwa mbali na Bara, ilikuwa na 490. Pande zote mbili za mpaka wavulana waliwazidi wasichana kwa zaidi ya alama 20.

Kupanda huko kwa Tanzania Bara kulikuja katika miaka ambayo madarasa yalifurika. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na Kenya ikafuata Januari 2003. Wengi walitazamia viwango viporomoke. Kwa Tanzania Bara, walau katika kipimo hiki, ikawa kinyume.

Uwezo, upimaji uliofanyika majumbani, ulitoa picha nyingine. Wapimaji wake walibisha hodi nyumba kwa nyumba na kuwapa watoto maswali ya kiwango cha darasa la pili, wawe wanasoma au hawasomi. Katika ripoti zake za mwanzo, Kenya ilikuwa mbele waziwazi. Matokeo haya hayapingani na yale ya SACMEQ: SACMEQ ilihesabu waliofika darasa la sita, Uwezo ulihesabu na walioachwa njiani.

Jambo linalosahaulika katika mabishano haya ni lugha. Mwaka 2007 Mtanzania alijibu kwa Kiswahili, lugha aliyofundishiwa tangu darasa la kwanza. Mkenya alijibu kwa Kiingereza, ambacho hushika ufundishaji kuanzia darasa la nne. Mtoto wa shule ya serikali ya Tanzania hukariri KDS na KKS, yaani kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika, hujua kiasi na asili katika sehemu, hutafuta kipeuo cha pili. Akiingia kidato cha kwanza, ambako ufundishaji ni kwa Kiingereza, istilahi zote hizo hubadilika kwa mpigo. Hesabu ni ileile, ila sasa swali lenyewe linahitaji mkalimani.

Mitihani ya kidato cha nne haifai kulinganishwa moja kwa moja, ingawa ndiyo inayotajwa zaidi vijiweni. Katika matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, ya mwaka 2022, ufaulu wa Hisabati ulikuwa takriban asilimia 20, na kufaulu kunaanzia alama 30 kati ya 100. Kenya haina mstari kama huo: KNEC, baraza la mitihani la Kenya, hupanga mipaka ya madaraja kila mwaka, kutoka A hadi E, kwa kutazama jinsi watahiniwa walivyofanya. Hata karatasi hazifanani. KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, ina karatasi mbili zenye kalkulasi ndani yake; Hisabati ya Tanzania ni karatasi moja, isiyo na kalkulasi lakini yenye maswali ya utunzaji wa hesabu za biashara. Mtahiniwa wa Taveta, upande wa Kenya, huingia chumbani na kikokotoo chake mfukoni. Mwenzake wa Holili, ng'ambo ya mpaka, huingia na kitabu cha majedwali; akikutwa na kikokotoo, ana kesi ya kujibu.

Kwa hiyo, madai kwamba Mkenya anamzidi Mtanzania kwa hesabu yana ushahidi, kwa kipimo cha SACMEQ, mwaka 2000, na karibu hayana mwaka 2007. Kuanzia 2026 Kenya yenyewe imegawa somo hilo mara mbili katika sekondari ya juu: hisabati ya kina kwa wanaochukua mkondo wa sayansi, na nyingine nyepesi kwa waliobaki.